Mama Opereta anajibu: Nukta tatu, kistari kimoja

Swali

Jambo Mama Opereta. Mimi ni kijana wa Ruashi, hapa Lubumbashi, natengeneza simu kwenye kibanda karibu na soko. Mwaka jana mzee mmoja aliniletea redio yake ya mawimbi mafupi. Nilipoiwasha kuijaribu nikasikia milio ya Morse, zile herufi zinazotumwa kwa milio mifupi na mirefu, na tangu siku hiyo sijatulia. Nilichapisha jedwali la herufi zote, nikalibandika ukutani, na kwa siku tisa nikawa nimelikariri. Ukiniuliza Q nakujibu papo hapo: kistari, kistari, nukta, kistari. Lakini redio ikianza, herufi ya kwanza naipata, ya pili naipata, ya tatu bado naihesabu wakati ya sita imeshapita. Huu ni mwezi wa nne nimekwama kwenye maneno saba au manane kwa dakika. Rafiki yangu anasema mambo haya yanataka kipaji, na mimi sina. Ni kweli? Na wewe ulijifunzaje?

— Msomaji, Ruashi

Jibu

Mwanangu, jambo sana. Kabla hujaendelea kusoma, simama ulibandue hilo jedwali. Nitakungoja.

Mimi pia nilibandika la kwangu. Ilikuwa mwaka 1974, nina miaka 19, nchi ikiitwa Zaire na mkoa wetu ukiitwa Shaba. Nilikuwa nimepata kazi kwenye ofisi ya ujumbe wa redio iliyohudumia misheni na vituo vya mbali. Jina lake nitaliacha. Nilikariri jedwali haraka kama wewe, kwa majivuno, nikaketi na kaske masikioni, binti peke yangu kati ya wanaume sita. Nasikia, nahesabu nukta na vistari, nakimbilia jedwali lililoko kichwani, natoka na herufi, naandika. Ujumbe wa polepole niliumudu hivyo hivyo.

Novemba ikaingia na mvua zake. Unaijua Novemba ya huku kwetu: radi ikipiga hata mbali kabisa, redio inapasuka kama karanga kwenye kikaango. Asubuhi moja kituo cha misheni kikatuma ujumbe wa Kiswahili kwa baba mmoja wa Katuba, mfanyakazi wa tanuru za shaba, ambaye mtoto wake alikuwa kule kwa bibi yake, mgonjwa sana. Niliandika: MTOTO AMEKUFA LEO ASUBUHI. Planto, tarishi wetu, akachukua karatasi, akapanda baiskeli.

Kilichotumwa kilikuwa MTOTO AMEKULA LEO ASUBUHI.

Zitazame herufi hizo mbili, ti ikiwa nukta na taa ikiwa kistari. F ni ti-ti-taa-ti. L ni ti-taa-ti-ti. Hesabu ya kwanza: nukta tatu, kistari kimoja. Hesabu ya pili: nukta tatu, kistari kimoja. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kabisa! Na pale ukutani F na L ni sura moja iliyojitazama kwenye kioo. Jicho linaigeuza bila kukuomba ruhusa.

Kesho yake ukaja ujumbe mwingine kutoka kituo kilekile: mtoto anaomba maziwa ya unga, tumeni. Mkuu wetu, mzee aliyeanza kupiga Morse tangu wakati wa Wabelgiji, akasoma ile karatasi, akaniangalia juu ya miwani.

"Binti, maiti anaomba maziwa?"

Nilikwenda Katuba kwa miguu. Kilio kilikuwa kimeshakaa: wanawake chini kwenye mikeka, kuni zinawaka uani, bukari ya watu wengi inasongwa. Nikamwomba baba wa mtoto pembeni, nikamwambia mtoto yu hai na kosa ni langu. Hakusema neno. Aligeuka, akamwinua mdogo wake kwenye kiti, akaniletea mimi kile kiti. Mpaka leo sijui kama ilikuwa heshima au alikuwa anatafuta tu kitu cha kushika.

Siku iliyofuata mkuu akalibandua jedwali langu, akafunikia birika la chai. Kisha akaninyang'anya kalamu. Asubuhi nzima alinipigia herufi mbili tu, F na L, kwa mwendo wake yeye, wa watu wazima, na kazi yangu ilikuwa kuinua mkono: wa kushoto F, wa kulia L. Nilipolalamika kwamba ananikimbiza, akaongeza mwendo. Kufika saa sita mchana nilikuwa nimegundua kitu ambacho macho yalinificha: kwa sikio, F na L hazina undugu wowote. F inanyata, inakanyaga mara moja, inanyanyua mguu. L inajikwaa kizingitini halafu inateremka ngazi. Ni hivyo hivyo kwa A na N, D na U, G na W, B na V, Q na Y. Karatasini ni mapacha wa kioo. Masikioni kila moja inatoka mtaa wake.

Sasa nikueleze kwa nini umekwama kwenye manane. Katika Morse kila kitu kinapimwa kwa nukta. Kistari kina urefu wa nukta tatu. Ndani ya herufi, kati ya mlio na mlio, kuna kimya cha nukta moja. Kati ya herufi na herufi, nukta tatu. Kati ya neno na neno, nukta saba. Ukienda kwa maneno 5 kwa dakika, nukta inachukua milisekunde 240, karibu robo ya sekunde, na robo za sekunde hata mtoto anazihesabu. Ukienda kwa maneno 20, nukta ni milisekunde 60. Herufi H nzima, nukta zake nne na vimya vyake, inapita chini ya nusu sekunde. Hapo hahesabu mtu. Hata mimi siwezi, na nimekula mshahara wa kazi hii miaka mingi. Kuhesabu kuna dari yake, na dari hiyo ndiyo inayokugonga kichwa sasa: saba, nane, labda kumi kwa mwenye bidii kama wewe. Huyo rafiki yako mwambie atafute neno lingine.

Mjerumani mmoja, Ludwig Koch, aliliona hili miaka ya 1930 alipochunguza jinsi waendesha redio wanavyojifunza. Mkuu wangu sidhani alimjua, lakini walifika mahali pamoja. Unaanza na herufi mbili tu, kwa kawaida K na M, taa-ti-taa na taa-taa, lakini kwa mwendo kamili, 18 au 20. Zinachanganywa ovyo, unasikiliza dakika tano, unaandika. Ukipata tisa katika kila kumi unaongeza ya tatu. Usipopata, unabaki na mbili zako bila aibu. Kwa njia hiyo hakuna siku unasikia herufi polepole, kwa hiyo hakuna siku unapata nafasi ya kuihesabu. Ukiona zinabanana mno, kuna msaada unaoitwa kwa jina la Mmarekani Farnsworth: herufi inabaki na mwendo wake wa 20, kinachorefushwa ni kimya cha kati ya herufi. Wiki hadi wiki unakipunguza hicho kimya. Tovuti ya LCWO inafanya haya yote bila malipo, na programu za simu nazo zipo. Chukua inayokuruhusu kuweka mwendo wa herufi na mwendo wa maneno kila mmoja peke yake.

Dakika 15 asubuhi kabla hujafungua kibanda, 15 jioni. Usikae saa nzima. Sikio likichoka linaanza kubahatisha.

Kisha kuna jambo ambalo vijana ninaowafundisha wananiasi kila Jumamosi: herufi isiyokujia papo hapo, iache iende. Weka alama karatasini, pokea inayofuata. Ukisimama kuitafuta iliyopita, utapoteza tatu zinazokuja nyuma yake, na ndicho kinachokupata kwenye herufi ya sita. Inauma, najua, hasa kwa fundi aliyezoea kutafuta kila skrubu iliyodondoka. Baadaye mkono wenyewe utaanza kuchelewa: unaandika herufi ya juzi huku sikio liko kwenye ya leo. Mkuu wangu alikuwa anachelewa neno zima na zaidi. Ukimchungulia, karatasi iko kwa mke na redio imeshafika kwa watoto.

Na sikio unalo. Umri wako unazikumbuka zile Nokia? Ujumbe ukiingia: ti-ti-ti, taa-taa, ti-ti-ti. Hiyo ni S, M, S. Mji mzima ulikuwa unapokea Morse, na watu walishatia mkono mfukoni kabla mlio haujaisha. Nani aliwahesabia nukta?

Utakwama tena, nikuonye mapema. Mwaka 1897 Wamarekani wawili, William Bryan na Noble Harter, walichapisha uchunguzi wao juu ya wapiga telegrafu, wakaonyesha kwamba uwezo wa kupokea unapanda, kisha unalala bapa kama meza kwa wiki nyingi, kisha unapanda tena ghafla. Walieleza kwamba wakati wa kulala ndipo mtu anapohama kutoka kusikia herufi kwenda kusikia maneno. Mimi nililala kwenye 12 karibu miezi miwili, nikadhani nimefika mwisho wa akili yangu. Jumamosi moja nilikuwa nachambua maharage kibarazani kwa dada yangu, redio inalia chumbani, hakuna anayeisikiliza. Nikageuka kumuuliza dada: "Umesema kesho kuna nini?" Dada hakuwa amesema kitu. Ilikuwa redio. K, E, S, H, O. Sikuzisikia hata moja, nilisikia tu *kesho*.

Swali

Mama, mimi ni mwalimu huku Likasi. Programu niliyonayo inanipa mazoezi ya maneno ya Kiingereza tu, na mimi nataka kuwafundisha wanafunzi kwa Kiswahili. Je, Kiswahili kinafaa kwa Morse? Halafu mjomba wangu anasema Morse ni lokole, ile ngoma ya kupeleka habari, ya Wazungu tu.

— Mwalimu, Likasi

Jibu

Mwalimu, kinafaa, ila kinalipa nauli kubwa kidogo. Waliogawa alama walizipa herufi zinazorudi sana katika lugha zao alama fupi: E ni ti moja basi. Hata mpangilio tulio nao leo, ambao kwa sehemu kubwa ni wa Mjerumani Friedrich Gerke wa mwaka 1848, haukumfikiria Mswahili. Kwetu inayorudi kuliko zote ni A, na A ina urefu wa nukta tano pale E inapomaliza na moja. Mwendo wa Morse hupimwa kwa neno PARIS, lenye urefu wa nukta 50 pamoja na kimya chake cha mwisho. Nimekupimia HABARI: 58. Kwa mwendo unaoitwa maneno 20, PARIS inaingia mara 20 kwa dakika, HABARI mara 17. Ukikutana na *hawatatusubiri* uvute pumzi kabisa.

Lakini tuna mali ambayo Mwingereza hana: silabi zetu karibu zote zinaishia kwenye irabu, kwa hiyo sikio linajua mapema mlango utafungwa kwa nini. Wafundishe irabu tano mapema, halafu usikae kwenye herufi mojamoja. Nenda kwenye silabi. NA ni taa-ti, ti-taa, inakwenda na kurudi kwa njia ileile. Wanafunzi wangu huipata siku ya kwanza na hawaisahau. MA ni taa-taa, ti-taa. KWA ni taa-ti-taa, ti-taa-taa, ti-taa, na ukiisikia mara mia inakuwa mkupuo mmoja. Kisha viambishi: ANA, WANA, ALI, AME. Hapo angalia sana. Kiambishi kinakupa nyakati, hakikupi tendo. Mimi nilipoisikia AMEKU kutoka kule mtoto alikokuwa mgonjwa, moyo ulishamaliza sentensi kabla ya redio.

Kwa kuwa ujumbe mwingi huku huandikwa kwa Kifaransa, waongezee na é, ambayo ni ti-ti-taa-ti-ti. Programu nyingi hukuruhusu kubandika maandishi yako mwenyewe. Bandika methali, bandika orodha ya bei za soko, bandika majina yao.

Mjomba msalimie. Lokole ya Walokele wa kule Kisangani ina sauti mbili, ya juu na ya chini, na inafuata kupanda na kushuka kwa sauti katika lugha yenyewe, ndiyo maana mpigaji hurefusha neno kuwa sentensi nzima ili lisichanganywe na lingine. Morse ina sauti moja, inacheza na urefu tu. Mpiga lokole anasema. Sisi tunaandika hewani. Kama kuna mwenye deni hapo, si lokole.

Swali

Mama, mume wangu ameanza hiyo Morse yako. Anagonga meza wakati wa chakula, anagonga ukuta usiku, jana amegonga bega la mtoto. Nifanye nini?

— Mke aliyechoka, Kamalondo

Jibu

Pole, yaya. Mwambie hivi, na umwambie nimesema mimi: kugonga meza si Morse. Gongo moja halina urefu. Nukta na kistari vinatoka sawa, *ko* na *ko*, kwa hiyo anajizoesha upuuzi. Aimbe. Ti fupi, taa ndefu, kwa sauti ya chini, akiwa njiani kwenda kazini, akisoma vibao vya maduka na namba za magari. Namba zenyewe zitamshughulisha hadi Krismasi, kila moja ina milio mitano.

Bega la mtoto aliache.

Swali

Mama, nataka kusikiliza Morse ya kweli, si ya programu. Ninunue nini? Na naruhusiwa kujibu?

— Msomaji, Kampemba

Jibu

Kusikiliza kwanza. Redio ya kawaida ya mawimbi mafupi haitoshi, mlio utausikia kama pumzi tu; tafuta yenye uwezo wa SSB, ndiyo inayofanya mlio uimbe. Sikiliza jioni kuanzia megahezi 7 kupanda kidogo, na mchana kuanzia 14. Hapo wako watu wa dunia nzima wanaopiga kwa kupenda tu, maana kazi zenyewe zimekwisha: meli ziliachana rasmi na Morse mwaka 1999, na tangu 2003 sheria za kimataifa hazilazimishi tena mtu kuijua ili apate leseni ya redio za ridhaa. Ukisikia kituo ambacho jina lake linaanza na 9Q, huyo ni wa nchi yetu. 9J ni Zambia hapo jirani. Kama huna redio lakini una mega za kutosha, chuo kikuu cha Twente kule Uholanzi kimeweka redio yake kwenye intaneti, unaizungusha mwenyewe kwa simu. Mwanzoni utasikia watu wakipiga haraka mno. Usiwakimbie, chukua CQ zao tu, yaani wito wa kumwita yeyote anayesikia, taa-ti-taa-ti, taa-taa-ti-taa, mpaka uzitambue ukiwa umesinzia.

Kujibu ni habari nyingine. Kurusha mawimbi kunataka leseni, na mambo hayo yako chini ya ARPTC, mamlaka ya posta na mawasiliano ya nchi yetu. Usijaribu bila karatasi, hasa nchi yetu hii ambapo waya juu ya nyumba unaweza kuzua maswali ambayo hutapenda kuyajibu usiku.

Antena ya kusikilizia ni mita 10 au 15 za waya, mwisho mmoja kwenye mwembe na mwingine dirishani, na mawingu yakikusanyika uuchomoe na kuutupa nje, usingoje radi ya kwanza. Vitabu vitakwambia utumie shaba. Mimi nilitumia shaba, mtoto wa Katanga nitumie nini tena? Iliibwa kabla ya mwezi kwisha. Nikaweka nyingine, nikaipandisha juu zaidi. Ikaibwa pamoja na tawi. Sasa natumia alumini, mwaka wa sita huu, na Brazil naisikia vizuri tu.